Mwombaji na Mwenyeji

Rehema, tangu nikukabidhi funguo za duka umenipigia simu mara saba. Mara sita ulikuwa unauliza waya wa skana uko wapi. Uko kwenye droo ya chini, ndani ya bati la biskuti, chini ya bahasha za kaki. Niliuficha mimi mwenyewe ili wewe na Joyce msimwazimishe tena jirani mpiga picha. Mara ya saba uliniuliza jambo la maana: kuna dada amekuja, mchumba wake ni raia wa nchi nyingine, anataka kumwombea visa ya matembezi aje Same awaone wazazi, sasa uanzie wapi? Nilikujibu kwa dakika tano, nikakata simu, halafu nikajilaumu mchana kutwa. Jibu lenyewe dakika tano hazilitoshi. Ndiyo maana nimekaa hapa na daftari, mgongo ukilalamika, nikuandikie wewe na Joyce na yeyote atakayekuja kukaa kwenye kile kiti changu chenye mguu mmoja mfupi.

Habari za vyeo hutazikuta humu. Niliingia nikiwa mpiga chapa, nikatoka nikiwa mpiga chapa, tofauti ni kwamba mwishoni kila mtu aliniita Mama Chapa, hata mchungaji. Mapato nayo tuyaache yapumzike.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uhazili na nilidhani naenda ofisini. Ofisi ikawa baraza ya duka la nguo karibu na stendi: meza moja, viti viwili, na mashine ya chapa ambayo herufi yake ya k iliruka juu ya mstari. Kila barua iliyotoka kwetu ilikuwa na k zinazochungulia. Mwenye mashine alikuwa Mzee Shabani, mtu wa kofia nyeupe na shati lililonyooshwa hata siku ya vumbi, na alikuwa na fahari na zile k. Alisema kuna karani mmoja Moshi akiona k imepanda anajua bila kuuliza kwamba mtu huyu katokea Same, kwa Shabani.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee kutoka Kwakoa aliyetaka barua ya kuombea kibali cha kusafirisha mifugo. Aliongea, nikachapa, na nilichapa vizuri, bila kosa hata moja la herufi. Mzee Shabani akaichukua ile karatasi.

"Umemsomea?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee. Lakini nimeandika alivyosema."

"Msomee."

Nikasoma kwa sauti. Nilipofika "ng'ombe wangu kumi na wawili", mzee wa Kwakoa akaruka kwenye kiti. Ng'ombe wake walikuwa kumi. Wawili walikuwa wa shemeji yake, na huyo shemeji angesikia kwamba wameandikwa kwa jina lisilo lake, undugu ungeishia pale pale. Mzee Shabani akaichana karatasi taratibu, akaniwekea nyingine kwenye mashine. "Barua ambayo hujamsomea mwenyewe, bado hujaiandika," akasema. Nilikasirika kimoyomoyo, maana viatu vilikuwa vinaniuma na nilitaka mtu anisifu. Lakini kuanzia siku hiyo nikawa nasoma kila karatasi kwa sauti kabla ya sahihi. Nilivunja kanuni hiyo mara moja tu katika miaka thelathini na minane, na hiyo mara moja ndiyo sababu ya barua hii.

Vifaa vilibadilika, ninyi mmekuta vya mwisho. Tulikuwa na karatasi za kaboni zilizotia vidole rangi mpaka mtu akikusalimia kwa mkono anajua kazi yako. Ikaja kompyuta, nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufumwa ambacho mke wa Mzee Shabani alikitengeneza. Mzee mwenyewe aliitazama wiki nzima bila kuigusa, kisha akatoa hukumu: "Hii inafuta kosa bila kuacha alama. Mtakuwa wavivu." Hakuishi kuziona fomu za mtandaoni, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana zingemtoa roho. Fomu ya karatasi ina pembezoni. Swali likikubana, unaandika kaelezo kadogo pembeni na karani mwenye huruma atakasoma. Fomu ya mtandaoni haina pembezoni. Inakupa orodha, inasema chagua, na ukisita sana inakutoa nje kabisa uanze upya.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine zilinifurahisha. Alikuwepo dereva wa lori wa Hedaru ambaye fomu zake zilirudishwa mara mbili kwa sababu sahihi haikufanana na ile ya kwenye kitambulisho. Alitia sahihi mara kumi mezani kwangu, kumi zote zikatoka tofauti. Nikamuuliza ile ya kitambulisho aliiweka wapi. Akafikiri, akasema aliiweka wakati karatasi iko juu ya boneti ya gari. Tukatoka nje, akainama juu ya boneti ya lori lake, na sahihi ikatoka ile ile, na mkia wake. Jifunzeni hapo kwamba mteja anajua majibu mengi ambayo hajui kuwa anayajua.

Sasa nije kwa Namsifu. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku. Aliingia asubuhi moja akiwa na sare ya hoteli, kitambulisho kikining'inia shingoni. Alikuwa amefanya kazi ya mapokezi Uarabuni miaka mitano, mkataba ukaisha, akarudi, na sasa alikuwa mapokezi kwenye hoteli ndogo ya hapa mjini. Kwao ni juu milimani, kijiji kimoja upande wa Bombo.

"Shikamoo, Mama Chapa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kiti kinayumba, usiogope."

Alikaa, akaniambia yote kwa mfululizo mmoja, kama mtu aliyejizoeza njiani. Huko alikokuwa alikutana na Nuwan, mpishi wa hoteli ile ile, raia wa Sri Lanka, kijana wa milima ya majani ya chai. Walikuwa wamependana miaka mitatu. Nuwan alikuwa tayari kuposa, tena kwa heshima zote, ila baba yake Namsifu, Mzee Eliakimu, alikuwa ametoa neno lake.

"Baba anasema posa ya kwenye simu hataki kuisikia," akasema. "Mtu aje, asimame uani, aonekane. Nuwan ana likizo ya wiki mbili tu, mwezi wa sita. Nyingine ni mpaka miaka miwili ipite. Na baba kasema hasubiri miaka miwili. Asipokuja likizo hii, nisimtajie tena jina lake."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimechoka kupendana na simu, Mama."

Alisema hivyo akicheka, lakini macho yalishajaa. Nilimpenda pale pale. Nikawasha kompyuta.

Hatua zenyewe andika ukutani. Kwanza, tovuti iwe ile ya serikali hasa. Zipo nyingine zina bendera na twiga na hazihusiani na serikali yoyote, na zikishakula kadi ya mtu hazitapiki. Pili, mtu asikate tiketi isiyorudishika kabla ya jibu. Nuwan aliweka nafasi tu, akasubiri. Tatu, angalia pasipoti itaisha lini, maana wengi hutazama picha peke yake. Nne, uliza mapema kama nchi yake inapewa jibu la haraka au maombi hupelekwa juu kujadiliwa. Yake yalikuwa ya kujadiliwa, kwa hiyo kila karatasi ya mwenyeji ilikuwa na uzito: barua ya mwaliko, nakala ya kitambulisho cha Mzee Eliakimu, na barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba mwenyeji anafahamika.

Majina yalitutoa jasho. Kwenye pasipoti Nuwan alikuwa na majina matano, na la kwanza peke yake lilijaza kisanduku kikagoma. Joyce, ambaye alikuwa mgeni kazini na amezoea majina matatu ya kwetu, akauliza jina la babu ni lipi kati ya hayo. Hakuna aliyejua. Andikeni kama pasipoti ilivyoandika, herufi kwa herufi, msimtafute babu. Picha ya kwanza aliyotuma alikuwa amevaa kofia ya upishi. Ya pili hakuwa na kofia ila nyuma yake kulikuwa na sufuria. Ya tatu ilifaa.

Anwani ya mwenyeji nayo ilikuwa na kisa. Mzee Eliakimu alikuwa na kibao cha namba ya nyumba kama watu wote, ila alikuwa amekipigilia kwenye banda la mbuzi. Hoja yake ni kwamba nyumba yake kila mtu anaijua, banda ndilo watu huuliza ni la nani. Tukaiandika namba hivyo hivyo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, Nuwan aliomba kufikia bandani.

Wiki iliyofuata Mzee Eliakimu akashuka mwenyewe na kikapu cha tangawizi. Mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, anayekunja miwani na kuikunjua kabla ya kusema. Nikamwandalia barua ya mwaliko, nikafika penye kumtaja Nuwan.

"Hapa tuandike ni nani kwako, Baba Namsifu?"

"Mgeni," akasema.

"Mgeni wako?"

"Mgeni wa nyumba. Andika hivyo."

Nikaandika "mgeni wa familia yangu". Akasoma, akatia sahihi, akaniachia tangawizi, akaenda. Mchana Namsifu akaleta barua ya mtendaji, imefungwa ndani ya bahasha, na muhuri juu ya gundi. Umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili asubuhi hiyo, taa zilikuwa zinapepesa tena, na mteja wa nyuma alikuwa anagonga meza kwa funguo. Nikafungua bahasha, nikaskani zote, nikapakia, nikabonyeza tuma. Umeme ukakatika dakika mbili baadaye. Nilijipongeza kwa kuuwahi.

Sikusoma. Karatasi tatu, na sikumsomea mtu yeyote hata moja kwa sauti.

Siku zikapita tisa au kumi. Halafu Namsifu akaja akikimbia kutoka hotelini, simu mkononi. Ujumbe ulikuwa umetumwa kwa Nuwan, naye alikuwa jikoni zamu mbili mfululizo. Alipouona alidhani ni kibali, akamtumia Namsifu picha ya sanduku lake la safari limejaa. Siku ya tatu ndipo alipousoma vizuri na kumtumia. Ulisema, kwa ufupi, nyaraka zinapingana. Fafanua uhusiano kati ya mwombaji na mwenyeji. Jibu ndani ya siku saba, la sivyo maombi yatafungwa. Siku tatu zilikuwa zimeshapotea.

Nikatoa nakala kwenye faili nikazipanga mezani. Kwenye fomu, penye orodha ya uhusiano, Namsifu alikuwa amechagua "mchumba". Kwenye barua ya baba, "mgeni wa familia yangu". Na kwenye ile ya mtendaji, ambaye ni mtu wa bashasha na ni binamu ya mama yake Namsifu, "mkwe mtarajiwa wa Mzee Eliakimu, anayesubiriwa kwa hamu na kijiji kizima". Karatasi tatu, majina matatu, mtu mmoja. Hata mimi ningekuwa mezani kwao ningeshtuka.

"Wamemkataa?" Namsifu akauliza.

"Bado. Wameuliza swali tu. Ila kosa ni langu, mwanangu. Nilitakiwa kuzisoma."

Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Niliona aibu kama ile ya siku ya viatu vya kisigino. Baba yake, akasema, hapokei simu siku za kazi ya kijiji, na hata akipokea hatabadili neno kwa kuambiwa na binti. Nikamwambia nitapanda mimi. Sikuwa nimepanda milimani kwa ajili ya kazi hata mara moja; kazi ndiyo ilikuwa inashuka kunifuata.

Jumamosi asubuhi nikapanda na gari la kwanza. Nilipofika nikaambiwa Mzee yuko ndivani. Ndiva, kwa ninyi wa mjini, ni bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, na siku hiyo ilikuwa msaragambo: kijiji kizima kimeitwa kuzibua tope. Nikamwona Mzee Eliakimu katikati, suruali imekunjwa magotini, koleo mkononi. Nikampungia bahasha yangu. Akanitazama, akaendelea kuchimba. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, siku ya msaragambo mtu hasimami ukingoni akiangalia wenzake." Akanipa karai.

Nikavua viatu. Nilibeba tope, Rehema, mimi na miaka yangu sitini na ushee, mpaka gauni likawa na rangi ya ndiva. Nilikuwa nacheka, na kila aliyenipita alinipa pole na karai jingine. Tulipopumzika tukapakuliwa makande, na hapo ndipo Mzee Eliakimu alipokuja kukaa kando yangu, akanawa mikono, akakunja miwani, akaikunjua.

"Haya, Mama Chapa. Kimekuleta nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba karatasi zetu zinagombana, na kwamba njia nyepesi ni yeye aandike "mchumba" ili zifanane na fomu.

"Siandiki hivyo."

"Kwa nini, Baba Namsifu? Binti yako ndivyo anavyosema."

"Binti yangu anasema ya moyoni mwake, sawa. Mimi naandikia serikali. Mchumba ni mtu ambaye wazee wamepiga hodi kwa ajili yake, tukaketi, tukasikilizana. Nani amepiga hodi kwangu? Hakuna. Unataka niidanganye serikali nikiwa na tope miguuni?"

"Basi nikiandika mgeni, wanauliza mgeni gani huyu ambaye binti anamwita mchumba na mtendaji anamwita mkwe."

Mtendaji alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale. Mzee akageuza shingo taratibu. "Mkwe?" Mtendaji akazama kwenye bakuli lake la makande.

Nilianza kuogopa. Jumatano ilikuwa ndiyo mwisho wa siku saba. Nilimfikiria Namsifu pale mapokezi anatabasamu kwa wageni wengine huku mgeni wake akifungiwa mlango kwa ajili ya neno moja, na nilihisi nimemkosea mtoto wa watu. Nikafanya kile ambacho nilitakiwa kukifanya tangu mwanzo: nikatoa karatasi zote na kumsomea kwa sauti. Nikaanza na fomu, kila kisanduku: jina kamili la mwombaji, madhumuni ya safari, muda wa kukaa nchini, kuingia mara moja au mara nyingi. Watu walisogea kusikiliza. Nikafika kwenye ujumbe wa mwisho: "Fafanua uhusiano kati ya mwombaji na mwenyeji."

"Rudia hapo," Mzee akasema.

Nikarudia.

"Sasa si wameshasema wenyewe?"

"Wamesema nini?"

"Mwombaji na mwenyeji. Yeye anakuja kuomba. Mimi ndiye mwenyeji, anayeombwa. Uhusiano gani mwingine wanataka?"

Nikamtazama kuona kama ananitania. Hakuwa anatania. Nimeliandika neno hilo, mwombaji, mara ngapi sijui: mwombaji wa kibali, mwombaji wa nafasi, mwombaji wa mkopo. Sikuwahi kulisikia. Nikaanza kucheka, na mama wa karai akaanza kucheka, na Mzee mwenyewe akakunja miwani ili asionekane.

"Baba Namsifu, nisemee hilo lote, polepole, nami niliandike."

Niliandika kwa mkono, karatasi juu ya karai lililogeuzwa. Nakala ninayo. Inasema hivi:

"Mwombaji huyu ni mwombaji kweli. Anakuja kwangu kuomba ridhaa ya kumchumbia binti yangu. Binti yangu amemwita mchumba kwa sababu yeye kwa upande wake ameshakubali, na hajasema uongo. Mtendaji wetu amemwita mkwe kwa sababu ana haraka. Mimi nimemwita mgeni kwa sababu bado sijamjibu. Kabla hajaja siwezi kumjibu, na kabla sijamjibu siwezi kumwita jina jingine. Naomba mmruhusu aje nimjibu."

Nikamsomea. Akasema nirudie. Nikarudia. Akatia sahihi. Muhuri wa kijiji ukawa ofisini, ofisi imefungwa, na ufunguo uko kwenye suruali ambayo mtendaji ameiacha nyumbani ili asiichafue. Alikwenda mbio, kwa kuwa alijua ana deni la maneno. Deni hilo alililipa kwa muhuri mmoja, safi, usiogusa sahihi.

Jumapili niliichapa, nikaambatanisha na ile ya mkono, nikamsomea Namsifu kila mstari. Nilipofika pa mtendaji kuwa na haraka alicheka mpaka akashika meza. Nikatuma Jumatatu asubuhi, umeme upo. Halafu tukasubiri, na kusubiri huko sitamani kukurudia. Joyce alikuwa anafungua barua pepe kila baada ya robo saa, nikamkataza, kisha nikawa nafungua mimi. Jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku nne kabla ya likizo ya Nuwan kuanza. Namsifu alilisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kile kiti kinachoyumba na kusema, "Mama, anakuja," kana kwamba mimi ndiye ningefurahi zaidi. Na kweli nilifurahi sana.

Nuwan alipita dukani siku alipofika, kijana mwembamba mwenye sauti ndogo, amebeba furushi la mdalasini kutoka kwao. Namsifu alikuwa amemfundisha kusema shikamoo ila hakumfundisha kwa nani. Alinipa mimi, akampa mteja wa fotokopi mwenye miaka kumi na tano, akampa na Joyce, na Joyce bila haya akaitikia marahaba. Nikamshika mkono nikamwonyesha muhuri kwenye pasipoti yake, kana kwamba hajauona.

Nilidhani kazi yangu imeishia hapo. Kesho yake Namsifu akarudi.

"Mama, baba anauliza nani atamsemea. Mwombaji hajiombei mwenyewe, lazima awe na mshenga. Na Nuwan hana ndugu huku." Akasita. "Nimemwambia baba, anayejua habari zake zote ni Mama Chapa."

"Mimi? Mwanangu, mshenga huwa mwanamume."

"Baba amesema aliyebeba tope ndivani anaweza kusema."

Nikapanda tena, safari hii na gauni jipya. Sebuleni walikuwepo wazee watano, mchungaji, na mtendaji aliyekalishwa karibu na mlango na kuonywa. Chai ilikuwa ya tangawizi ya Mzee Eliakimu na mdalasini wa Nuwan, na ilikuwa nzuri kweli. Nikasimama, nikapiga hodi kwa maneno kama inavyotakiwa, nikasema nimemleta mwombaji.

Mzee Eliakimu akakunjua miwani.

"Jina kamili la mwombaji?"

Nikayataja yote matano kwa kichwa, bila karatasi. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Madhumuni ya safari?"

"Kuomba, Mzee."

"Muda wa kukaa?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema siku kumi na nne. Nuwan, ambaye hakutakiwa kusema neno, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mpaka Baba anijibu."

Mtendaji akapiga makofi, akazomewa. Mzee Eliakimu hakucheka. Alimtazama yule kijana, kisha akamtazama Namsifu, aliyesimama kwenye mlango wa kuelekea jikoni akiwa ameshika birika kwa mikono miwili.

"Kuingia mara moja," Mzee akauliza, "au mara nyingi?"

Sikuweza kumdanganya. "Visa aliyopewa ni ya mara moja, Baba Namsifu."

"Hiyo ni ya serikali," akasema. "Hapa kwangu mwandikie mara nyingi."

Namsifu aliweka birika chini, likamwagika, na hakuna aliyejali. Nililia mbele ya wazee watano na mchungaji, na sioni aibu kuandika hivyo.

Basi, Rehema. Yule dada wa visa akirudi kesho, usiwashe kompyuta kwanza. Mkalishe kwenye kiti kinachoyumba, mpe chai, umuulize baba yake anamwitaje huyo kijana.